Seliaki: Maradhi ambayo tiba yake ni chakula

Seliaki ni maradhi yanayofanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mwembamba kila mgonjwa anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai. Mgonjwa huweza kuharisha, kukonda na kupungukiwa na damu. Mtoto huweza kudumaa.

Daktari Mholanzi Willem Dicke alieleza madhara ya ngano kwa wagonjwa hao katika tasnifu yake ya 1950.

Tiba ni kuepuka gluteni maishani. Chapati, mkate na mandazi ya ngano huachwa. Badala yake huliwa ugali wa mahindi au wimbi, wali, muhogo na viazi. Unga uliopitia kinu kinachosaga ngano pia haufai.

Anayeshuku ana maradhi haya asiache ngano kabla ya kupimwa, kwani vipimo huenda visiyaonyeshe.