Fundi Aliyemuuzia Mfalme Fimbo za Gofu, Jina Lake Halijulikani Mpaka Leo

Wadau wangu, leo tunaweka mastaa pembeni kidogo. Kuna jamaa mmoja nimemuwaza wiki nzima, na hata jina lake silijui. Hakuna anayelijua.

Mwaka 1457 bunge la Scotland lilipiga marufuku gofu. Sababu? Vijana walikuwa wanashinda kwenye gofu badala ya kufanya mazoezi ya upinde, na ugomvi na Waingereza ulikuwa hauishi. Mwaka 1491 marufuku ikarudiwa, safari hii chini ya Mfalme James IV, dogo wa miaka 18. Sasa cheki hii. Septemba 1502, daftari la hazina la mfalme huyohuyo linaonyesha shilingi 14 zimelipwa kwa ajili ya fimbo. Kalipwa nani? Fundi pinde wa mji wa Perth! Yaani gofu ilikatazwa kwa sababu ya upinde, halafu mfalme kaenda kununua fimbo kwa mtengeneza pinde. Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Ila angeenda kwa nani mwingine? Fundi pinde anaujua mti: upi unapinda na kurudi, upi unakatika. Karani wa hazina kaandika kazi yake na mji wake, jina akaliacha. Hela imehesabiwa mpaka shilingi, mtu hakuhesabiwa. Ni mwaka 1603 ndipo tunampata mwenye jina, William Mayne, aliyeteuliwa kuwa fundi wa fimbo wa mfalme, na yeye pia alikuwa mtu wa pinde.

Kwa miaka mingi fimbo zilitengenezwa kwa mkono, kama suti ya kushona. Karne ya 19 mafundi wakahamia kwenye mti wa hikori kutoka Marekani, mgumu lakini unanesa. Shida ni kwamba mti haufanani na mwenzake, kwa hiyo mchezaji alishika, akanesanesa, akachagua unaomkubali. Bobby Jones alibeba mataji makubwa manne mwaka 1930 kwa fimbo za hikori alizochagua hivyohivyo.

Halafu chuma kikaingia. Marekani waliruhusu mwaka 1924, Uingereza 1929. Viwanda vikaanza kutoa seti zinazofanana, na hapo ndipo mambo yakaharibika kwa watu wa kawaida, mimi ndivyo ninavyoona. Ni kama sare ya shule uliyorithi kwa kaka yako: inavalika, ila mabega si yako. Mfupi akishika fimbo iliyosimama sana, ncha ya kichwa inanyanyuka na mpira unakimbilia kushoto, kama anatumia mkono wa kulia. Mrefu ni kinyume chake. Na mtu anaenda nyumbani akiamini hana kipaji.

Aliyerudisha kupima mwili ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani. Huyu kabla ya yote alikuwa fundi viatu! Baadaye akawa injinia wa General Electric, gofu akaanza akiwa na miaka 42. Mwaka 1959 akatengeneza fimbo yake ya kusukumia mpira shimoni, nyumbani kwenye gereji, ikigonga inalia "ping", na jina la kampuni likatoka hapo. Miaka ya 1970 akaleta nukta za rangi: wanachukua urefu wako, wanapima kutoka kifundo cha mkono mpaka chini, unapewa rangi. Nyeusi ni ya kawaida, ya bluu imesimama zaidi, nyekundu imelala zaidi.

Mtu aliyezoea kupima miguu ya watu, unadhani angekubali fimbo ya saizi moja kwa wote?

Leo kuna kamera na kompyuta za kukupima ukipiga. Yule wa Perth sijui alimpimaje mfalme. Labda alimwambia tu asimame wima, anyooshe mkono.