Difu ya 4.7: Land Rover ya zamani kati ya lami ya Dar na Milima ya Uluguru

Ukisimama Msamvu, Morogoro, pale barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa zinapokutana, unaona safari za aina mbili. Upande mmoja kuna lami. Kutoka Dar hadi hapa ni takriban kilomita 190, na umepanda mita kama 500 tu, yaani ukiwa kwenye basi hata hushtuki. Upande wa pili kuna Uluguru. Kutoka mjini hadi Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, unapanda mita 800 nyingine ndani ya kilomita chache.

Sasa tuseme umerithi Land Rover ya mzee, ile ya bodi ya aluminiamu. Unataka iende Dar bila kukutoboa masikio, na mwisho wa wiki ipande Mgeta kubeba kabichi. Fundi mmoja anakwambia, "Badilisha difu." Mwingine anasema, "Weka ovadraivi." Nani yuko sahihi? Ili ujibu, inabidi kwanza ujue gia zile zilichaguliwa na nani, kwa kazi gani.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alitaka gari la shambani: livute jembe, lipite kwenye tope, liende sokoni. Hakuwa anawaza safari ya saa nne kwenye lami. Kwa hiyo gia zilipangwa fupi, na kwa miaka mingi difu ya Land Rover ilikuwa na uwiano wa 4.7. Maana yake ni rahisi: shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja.

Gia haiongezi nguvu ya injini, na hapo wengi tunakosea. Inabadilishana tu: unatoa mwendo, unapata msukumo, au kinyume chake. Ukitaka kuelewa haraka, kumbuka baiskeli ya Phoenix. Ina uwiano mmoja tu, basi tambarare unateleza, mlimani unashuka na kusukuma.

Historia ikaja kubadilisha swali. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na njia ya Zambia ya kusini ikawa na matatizo. Mafuta yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa. Barabara ilikuwa ya vumbi na tope kwa sehemu kubwa, ngumu kiasi kwamba ilipewa jina la njia ya kuzimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ya TANZAM ikawa ya lami. Ghafla gari lililobuniwa kwa ajili ya shamba likajikuta kwenye barabara kuu.

Hebu tupige hesabu. Tairi la 7.50-16 likizunguka mara moja, gari linasogea takriban mita 2.5. Ukienda kilomita 80 kwa saa, tairi linazunguka kama mara 533 kwa dakika. Gia ya nne inapitisha mzunguko bila kuubadilisha, lakini baada yake kuna giaboksi ndogo ya pili yenye uwiano wa 1.148, halafu difu ya 4.7. Zidisha: injini inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Kutoka Dar hadi Morogoro ni zaidi ya mizunguko 400,000. Ndiyo maana mzee alikuwa anashuka garini akiongea kwa kelele!

Miaka ya 1970 kampuni ya Fairey ya Uingereza ilileta dawa yake: giaboksi ndogo inayofungwa nyuma ya ile ya pili, yenye uwiano wa 0.782. Ukiiingiza, zile 2,900 zinashuka hadi karibu 2,250. Safari ya Dar inapungua mizunguko kama 90,000, na ukiitoa, gari linarudi kuwa lilelile la zamani.

Dawa ya pili ilitoka bila kukusudiwa. Mwaka 1970 ilizinduliwa Range Rover, yenye injini ya V8 ya lita 3.5 na difu ya 3.54. Mafundi wakagundua kwamba difu hiyo inaingia kwenye ekseli za Land Rover nyingi za zamani (zile 109 zenye ekseli ya nyuma ya Salisbury hazikubali). Kwa kilomita 80, injini inashuka hadi kama 2,170. Lakini lazima ubadilishe difu ya mbele pia. Uwiano ukitofautiana, ukiingiza magurudumu yote manne ekseli zinavutana, na kitu lazima kivunjike.

Kwa namba za barabarani, difu inashinda kidogo. Ila Range Rover ilikuwa na nguvu za farasi zaidi ya 130, na Land Rover ya lita 2.25 ina kama 70. Gia ndefu inadai injini isukume zaidi kwa kila mzunguko. Ukikutana na upepo wa mbele na kilima baada ya Chalinze, utarudi gia ya tatu, na utulivu wote ulioulipia umepotea.

Hiyo bado ni kero tu. Hatari iko kwenye kushuka.

Gari lenye uzito wa tani 2 na mzigo wake, likishuka mita 800, linaachia nishati ya kama megajuli 16. Hiyo inatosha kuchemsha lita 50 za maji. Joto hilo lazima liende mahali. Kama injini haizuii gari, linaishia kwenye breki, na za Land Rover hizi ni za dramu kwenye magurudumu yote. Dramu ikipata moto sana, unakanyaga pedali na gari halisikii.

Dereva wa mlimani anajua dawa: gia ya kwanza, kwenye uwiano wa chini, mguu nje ya breki. Kwa difu ya 4.7, uwiano mzima ni karibu 41, na injini ikizunguka 2,500 gari linatambaa kilomita 9 kwa saa. Weka 3.54, uwiano unashuka hadi 31, na mwendo uleule wa injini unakupa kilomita 12. Yaani kila kona ya Mgeta unaifikia theluthi moja haraka zaidi, au unamalizia tofauti hiyo kwa breki. Ovadraivi ikitolewa haigusi hesabu hii hata kidogo.

Kiwanda chenyewe kilikubali difu ya 3.54 mwaka 1983, kwenye Land Rover One Ten. Lakini angalia kilichokuja pamoja nayo: giaboksi ya gia tano kwa injini za silinda nne, na breki za diski mbele. Wahandisi hawakubadilisha namba moja wakaacha nyingine zote.

Basi fundi akikuuliza unataka gia gani, mwambie kwanza unakokwenda. Kama gari lako litaishi kati ya Dar na Dodoma, difu ndefu inaweza kukufaa. Kama litapanda Uluguru hata mara moja kwa mwezi, bakiza 4.7, tafuta ovadraivi nzima, na kabla hujaanza kushuka, itoe.