Takahe wa Milima ya Murchison

Katika Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, juu ya ziwa Te Anau, yako mabonde ya baridi kali yaliyopita kimo cha misitu, na humo, baina ya nyasi zimeazo kwa mashungi makubwa, huishi takahe, ndege asiyeruka, mwenye uzito wa kilo tatu hivi, kifua chake buluu iliyokoza, mgongo wa rangi ya zumaridi, na mdomo mnene mwekundu. Alapo hung'oa unyasi kwa mdomo, akaushika kwa mguu mmoja, akaguguna shina lake laini, na majani yaliyosalia akayatupa.

Wamaori walimjua na kumwinda tangu kale. Wazungu walikutana naye kwa msiba: mwaka 1849 wawindaji wa sili, wakifuata nyayo juu ya theluji pamoja na mbwa wao, walimkamata mmoja angali hai, wakamweka chomboni siku chache, hatimaye wakamchinja wakamla, na ngozi yake ndiyo iliyowafikia wanazuoni. Baada yake walipatikana watatu tu, miaka ya 1851, 1879 na 1898, nao wakaishia kuwa ngozi za makumbusho. Kisha kwa nusu karne ikasadikiwa kuwa takahe ametoweka duniani.

Daktari Geoffrey Orbell wa Invercargill hakusadiki. Tarehe 20 Novemba 1948, akiwa na wenziwe watatu, alipanda Milima ya Murchison, wakawanasa takahe wawili kwa wavu, wakawapiga picha, wakawaachilia huru. Wengi humsifu kwa kuwaona. Mimi naona kule kuwaachilia ndiko kulikostahili sifa zaidi, kwa kuwa wote wanne waliotangulia hapana aliyerudi majanini.

Serikali ililifunga eneo lile, lakini amri haikuwazuia kulungu wekundu, walioletwa na walowezi kwa ajili ya mawindo, kuzila nyasi zile zile, wala vicheche, walioletwa kuangamiza sungura, kuwashambulia ndege. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakasalia takriban 120. Ndipo kulungu wakapunguzwa kwa bidii, makinda yakalelewa katika kituo cha Burwood kwa kulishwa na vikaragosi vyenye sura ya takahe ili yasiwazoee wanadamu, na wengine wakahamishiwa visiwani kusiko na maadui. Kufikia 2023 walikuwa wamekaribia 500, na mwezi Agosti mwaka huo ndege 18 walifunguliwa katika ardhi ya kabila la Ngāi Tahu, upande wa ziwa Wakatipu, ambako takahe hawakuwa wameonekana porini kwa takriban miaka mia moja.