Kolera: kwa nini mugonjwa anapashwa kunywa hata kama anahara

Ziwa Tanganyika linapokea maji ya Rusizi, Mulongwe na mito mingine mingi. Mengine yanakauka kwa jua, lakini muto unaoyatoa ni mumoja tu: Lukuga, kule Kalemie. Ziwa likipanda, Lukuga inabeba mengi. Likishuka, inabeba kidogo. Mwili wa mutu nao unajisawazisha vile, lakini kwa haraka zaidi.

Mwili unajipima

Zaidi ya nusu ya uzito wetu ni maji. Ndani ya ubongo kuko sehemu ndogo inayopima damu muchana na usiku. Ukitoka jasho sokoni na maji ya damu yakapunguka kidogo tu, sehemu ile inaleta kiu na inatuma homoni kwa figo: shikeni maji! Ndiyo maana mukojo unakuwa kidogo na wa manjano nzito. Ukisha kunywa, kiu inaisha, homoni inapunguka, na mukojo unarudi mweupe. Wataalamu wanaita hiyo mrejesho hasi. "Hasi" hapa si mubaya: ni kusema mwili unapinga badiliko mpaka mambo yarudi sawa.

Kolera inavyoshinda mizani

Sumu ya kolera inafanya matumbo yamwage maji pamoja na chumvi. Mugonjwa mukali anaweza kupoteza hata litre 1 kwa saa. Mwili unajitetea: moyo unakimbia, mishipa ya mikono na miguu inajibana, figo zinafunga mukojo. Kwa hiyo mikono inakuwa baridi, macho yanaingia ndani. Maji yasiporudishwa, damu inakosa nguvu, moyo wenyewe unakosa damu, unazidi kulegea. Hapo mzunguko umegeuka: ubaya unazaa ubaya, na mutu anaweza kufa kwa masaa machache.

Mlango uliobaki wazi

Wengi wanasema: "Usimupe maji, atazidi kuhara." Hapana! Sumu haifungi mlango wa matumbo unaopitisha sukari na chumvi pamoja, na maji yanafuata. Ndiyo siri ya SRO. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis alitumia maji ya namna hiyo; vifo vilishuka kutoka karibu 30% mpaka chini ya 4%. Kuhara hakukatiki mara moja, lakini mutu anabaki hai.

Mama na papa, mufanye hivi:

- Changa sachet 1 ya SRO ndani ya litre 1 ya maji safi. Ikikosekana: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa, bila mulima.
- Mupe kidogo kidogo. Akitapika, mungoje dakika 10, kisha murudilie polepole.
- Mutoto aendelee kunyonya.
- Mumupeleke mbio kwa CTC, na mumunyweshe njiani. Asiyeweza kunywa anahitaji seromu.

Na robine? Utafiti wa Uvira uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kisha siku isiyo na maji ya REGIDESO, wagonjwa wanaongezeka kwa siku 12 zinazofuata, maana watu wanarudia ziwa na mito. Robine zikikauka, maji ya ziwa yatiwe klori ao yachemshwe mbele ya kunywa.