Kipimo cha PSA na mgunduzi aliyekigeuka

Mei 2025 ofisi ya Joe Biden ilipotangaza kuwa rais huyo mstaafu wa Marekani, mwenye miaka 82, ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa, wengi waliuliza: mtu aliyezungukwa na madaktari amekosaje kujua mapema? Ofisi yake ikajibu kuwa mara ya mwisho kupimwa PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ilikuwa 2014. Hapo ugomvi wa zamani kuhusu kipimo hicho ukafufuka.

Mwaka 1853 daktari John Adams wa London aliueleza ugonjwa huu na kuuita adimu sana. Kwa miongo mingi baadaye madaktari walitegemea kuipapasa tezi kwa kidole, nacho hugusa uvimbe uliokwisha kukua. Mwaka 1941 Charles Huggins, huko Chicago, alionyesha kuwa homoni za kiume huuchochea.

Kisha watafiti wakageukia kipimo cha damu. Mwaka 1970 Richard Ablin, akiwa Buffalo, aliripoti protini ya tezi dume. Mwaka 1979 kundi la T. Ming Chu, katika mji huohuo, likaitenga PSA. Nani mgunduzi? Wapo wanaosema alichokiona Ablin si kitu kilekile. Mwenyewe ameshikilia kuwa ni yeye.

Marekani ilikiruhusu kipimo cha PSA mwaka 1986 kufuatilia wagonjwa, na 1994 kusaidia kutafuta wapya. Mamilioni wakapimwa. Machi 2010 Ablin aliandika katika The New York Times kuwa upimaji huo wa jumla ni janga linalosukumwa na faida, na kwamba hauna tofauti kubwa na kurusha sarafu. Hoja yake ina uzito. PSA hutoka kwenye tezi yenyewe, iwe nzima au yenye ugonjwa. Hupanda kwa maambukizi, hupanda tezi inapotanuka uzeeni. Baadhi ya saratani za tezi hii hukua polepole mno, mzee akafa kwa maradhi mengine. Utafiti wa Ulaya wa 2009 ulionyesha vifo vya saratani hii vikipungua kwa asilimia 20, lakini ili kuepusha kifo kimoja ilibidi kupima wanaume 1,410 na kutibu 48 zaidi, na matibabu hayo huwaacha baadhi yao bila nguvu za kiume au wakivuja mkojo. Mwaka 2012 jopo la wataalamu la Marekani likashauri upimaji wa jumla uachwe. 2018 likalegeza kwa wenye miaka 55 hadi 69.

Ugomvi huu ni wa watu waliopimwa kupita kiasi. Kwetu Afrika Mashariki wengi hufika hospitali mkojo umeziba na mgongo hauinuki, kwa hiyo kuwatisha wasipimwe ni kuwaonea. Hata hivyo, inaniuma kusikia mzee ameambiwa ana saratani kwa namba ya damu peke yake. Jibu hutoka kwenye kinyama kilichochukuliwa kwa sindano, kikasomwa kwa hadubini na kupewa alama za Gleason za ukali wa saratani, zilizobuniwa miaka ya 1960. Wizara zetu zinapohesabu vituo vinavyopima PSA, zihesabu pia wataalamu wa patholojia wa kusoma vinyama hivyo, na wiki ambazo mgonjwa husubiri majibu.