Fukusi waliogoma kutulia kwenye tarakilishi yangu

Leo nawasimulia kuhusu programu iliyoninyima usingizi, ilhali jibu lake lilikuwa limechapishwa tangu 1976.

Mwenye ghala mmoja aliniomba nimkadirie jinsi fukusi wanavyoongezeka kwenye mahindi, ili ajue mwezi wa kuuza. Nikachukua mlingano maarufu wa ongezeko, nikaweka kikomo cha wadudu 1000 kwa gunia, kasi ya 2.8 kwa mwezi, nikaanza na wadudu 100. Mwezi wa saba 1154. Wa nane 655. Wa tisa 1288. Wa kumi 250! Nusura nimwambie asubiri huo wa kumi. Nilipekua programu mstari kwa mstari hadi alfajiri. Kila mstari ulikuwa sawa.

Mlingano wenyewe ni wa Mbelgiji Pierre-François Verhulst, mwaka 1838. Kwake wakati unatiririka kama mto, hauna vipande. Idadi inapanda, inapunguza mwendo ikikaribia kikomo, kisha inatulia. Ikianzia chini ya kikomo haiwezi kamwe kukivuka. Kazi yake ilisahaulika hadi 1920, Raymond Pearl na Lowell Reed walipofikia mchoro ule ule wakichunguza sensa za Marekani.

Sasa, tarakilishi haijui mto. Inaruka hatua kwa hatua, njia ambayo Leonhard Euler aliieleza kitabuni mwaka 1768, kabla hata ya tarakilishi kuota. Zidisha kasi kwa urefu wa hatua. Ukipata chini ya 1, mambo ni shwari. Kati ya 1 na 2, idadi inayumba kidogo kisha inatulia. Ukipita 2, inarukaruka kati ya namba mbili, kisha nne, kisha nane. Ukipita takriban 2.57, vurugu tupu! Mimi nilikuwa na 2.8.

Aliyewafumbua wengi macho ni Robert May, Mwaustralia aliyesomea fizikia kabla ya kuhamia ekolojia. Katika jarida la Nature mwaka 1976 alionyesha kwamba kanuni fupi kama hii inaweza kuzaa vurugu bila msaada wa mvua, ugonjwa wala makosa ya takwimu. Na kwa viumbe wengine hizo ruka ni halali kabisa: kuna wadudu wanaotaga na kufa kabla watoto wao hawajatokea, kizazi kimoja kwa mwaka. Kwao wakati kweli uko vipande. May alisihi wanafunzi waonyeshwe mlingano huu mapema, maana kikokotoo cha mkononi kinatosha. (Mimi shuleni sikuonyeshwa, lakini tuyaache hayo.)

Fukusi wa ghalani hawako hivyo. Mayai, mabuu na wakubwa wamo gunia moja, siku zote, wanazaana bila kungojana. Ile vurugu haikuwa yao. Niliileta mimi nilipokata wakati kwa mwezi mzima.

Nikabadilisha hatua ikawa siku moja. Mchoro ukapanda vizuri, ukalala kwenye 1000. Nikampigia mteja asubuhi hiyo hiyo: miezi miwili haitaisha kabla hawajafika 900, uza sasa.