Aliuawa au Alikufa? Uvumi Unaomwandama Mbaraka Mwinshehe

Kila Januari, vituo vyetu vya redio vinavyopiga zilizopendwa humkumbuka Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Mtangazaji hucheza "Shida", husifu gitaa kidogo, kisha hufungua simu. Hapo ndipo mazungumzo huuacha muziki na kuingia mautini. Mpigaji wa kwanza hudai eti marehemu alirogwa na wenzake waliomwonea gere. Wa pili hukataa: eti kulikuwa na mkono wa mtu katika lile gari. Wa tatu ana binamu yake aliyekuwa Mombasa wakati huo na anayejua yote, ila binamu mwenyewe hapigi simu kamwe. Saa moja huisha hivyo. Zaidi ya miaka 40 imepita na bado tunabishana.

Sitaki leo kuamua nani mkweli miongoni mwa wapigaji hao. Nataka kuuliza swali jingine: kwa nini Wakenya tulikataa, na bado tunakataa, kwamba Mbaraka alikufa kwa ajali ya barabarani? Naamini jibu limo zaidi katika historia yetu na katika lugha yetu kuliko katika gari lile.

Tuanze na yanayojulikana. Mbaraka alizaliwa Juni 1944 nchini Tanzania, akalelewa kimuziki mjini Morogoro. Katika miaka ya kati ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, na ni bendi hiyo iliyoiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Mnamo 1973 akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo kwa wakati mmoja, jambo ambalo si la kila mtu. Januari 1979 gari alimokuwa lilipata ajali Mombasa, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Hata tarehe yenyewe inayumba. Wapo wanaoandika 12 Januari, wapo wanaoandika 13. Tofauti ya siku moja si kubwa, lakini inaonyesha jinsi habari ya kifo hicho ilivyotufikia: kwa vipande, kwa midomo, na kwa kuchelewa.

Msomaji kijana huenda akashangaa. Mtanzania mashuhuri alikuwa akifanya nini Mombasa mwaka huo? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya Februari mwaka huo huo. Haukufunguliwa hadi 1983. Juu ya hayo, Januari 1979 Tanzania ilikuwa vitani na majeshi ya Idi Amin. Siasa zilikuwa zimejenga ukuta kati yetu. Muziki, hata hivyo, haukuutambua ukuta huo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. Bendi zilirekodi katika studio za redio ya taifa Dar es Salaam, wimbo ukachezwa hewani, basi. Aliyetaka sahani yake iuzwe madukani alizitegemea kampuni za Nairobi. Ndiyo maana nyimbo nyingi zinazoitwa za Tanzania zilizaliwa mara ya pili Kenya, na ndiyo maana Mbaraka alikuwa wetu kiasi kwamba vijana wengi wa bara hawakujua kuwa ni mgeni.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, katika mji mdogo kando ya barabara kuu ya Mombasa. Habari ilitufikia kupitia kwa utingo wa malori kabla ya kuisikia redioni. Utingo wa kwanza alisema amekufa. Utingo wa pili, jioni hiyo hiyo, alisema ameuawa. Nakumbuka vizuri kwamba hakuna aliyemuuliza yule wa pili, "Umejuaje?" Sote tulitikisa vichwa kana kwamba tulikuwa tukilisubiri neno hilo.

Kwa nini tulikuwa tukilisubiri? Tazama miaka 10 iliyotangulia. Januari 1969 waziri Argwings-Kodhek alikufa jijini Nairobi katika kile kilichoitwa ajali ya gari. Wengi hawakusadiki. Julai mwaka huo Tom Mboya akapigwa risasi mchana peupe. Desemba 1972 Ronald Ngala, kigogo wa siasa za Pwani, alikufa baada ya gari lake kuanguka karibu na Konza, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba nyuki waliingia garini wakamvuruga dereva. Waulize wazee wa Kilifi kuhusu nyuki hao hata leo, uone watakavyocheka bila furaha. Machi 1975 J.M. Kariuki alitoweka. Wakenya waliambiwa yuko Zambia, ilhali maiti yake ilikuwa imekwisha kuokotwa Ngong.

Taifa lililopitia hayo lilikuwa limepoteza imani na neno moja la Kiswahili: ajali. Neno hili lina safari ndefu. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, siku ya mtu iliyopangwa. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalipa maana hiyo ya majaliwa kabla ya maana ya mgongano wa magari. Mzee wa Lamu au wa Mji wa Kale akisema "ajali haina kinga", kwake hilo ni jibu kamili: siku zake zilifika, tumwombee. Swali limefungwa. Lakini ajali ya taarifa ya habari ni nyingine. Hii ni tukio lenye gari, dereva na barabara, na tukio lazima liwe na sababu. Ukiniambia "ajali" kwa maana hii halafu usinipe sababu, swali umelifungua. Na ukinipa sababu ya nyuki, umenifundisha kutokuamini sababu yoyote utakayonipa kesho.

Kwa hiyo Mbaraka, mwanamuziki asiyekuwa mbunge wala waziri, alifia katika nchi ambayo neno ajali lilikuwa limekwisha kuharibika. Uvumi wa kifo chake ulirithi shaka iliyochochewa na vifo vya wengine.

Upande wa Tanzania nako kulikuwa na kumbukumbu yake. Morogoro ilikuwa na bendi mbili kubwa zilizoshindana, Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Kiongozi wa Cuban Marimba, Salum Abdallah, naye alikufa kwa ajali ya gari, Novemba 1965. Mji mmoja, upinzani mmoja, vinara wawili, vifo viwili vya barabarani. Mwenye kutafuta mchawi anahitaji nini zaidi? Lakini tufikiri kidogo. Bendi za enzi hizo ziliishi barabarani. Zilisafiri mji hadi mji, mara nyingi usiku baada ya dansi, kwa magari yaliyochoka, na dereva aliyekesha kama wanamuziki wenyewe. Si ajabu kwamba vinara wawili walifia barabarani. La ajabu ni kwamba hawakufa wengi zaidi.

Sasa niingie upande wa lugha. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea sura ya tasnifu kuhusu muziki wa dansi. Katika kurasa mbili za kifo cha Mbaraka nilihesabu neno "inasemekana" mara 11. Nikamwita.

"Nani anasema?" nikamuuliza.

"Watu, Profesa."

"Watu gani?"

Akanyamaza, kisha akajibu kwa ujanja wa wanafunzi: "Profesa, inajulikana tu."

Hakuwa mvivu. Alikuwa ametumia zana ambayo Kiswahili kimemtengenezea. Chunguza kitenzi hiki. Sema "inasemwa", nami nina haki ya kudai mtenda: inasemwa na wavuvi, inasemwa na polisi. Lakini "inasemekana" haikubali mtenda. Huwezi kusema "inasemekana na wavuvi" ukaeleweka. Kauli hii, sawa na inajulikana na inawezekana, humwondoa msemaji katika sentensi. Maneno hubaki yakielea bila mwenyewe, na asiyekuwa na mwenyewe hashtakiwi. Usalama huo ulikuwa na thamani kubwa zama ambazo kusema "nani alimuua J.M." kungekupeleka pabaya. Shida ni kwamba ngao tuliyoitumia mbele ya serikali sasa tunaitumia kuwapiga watu wa kawaida, wanamuziki wenzake marehemu wakiwamo, ambao wamezeeka na kufa wakinyoshewa vidole na sentensi zisizo na msemaji.

Tofautisha na "eti". Hiki ni kineno kidogo cha barazani ambacho waandishi wengi hukidharau, lakini kina uaminifu wake. Anayesema "eti alirogwa" anakuambia papo hapo kwamba maneno si yake na hayadhamini. Natamani watafiti wangekopa uaminifu huo.

Na uvumi wenyewe? Umetokana na kuvuma. Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma. Vilevile msanii mashuhuri husemwa kuwa anavuma. Kwa maneno mengine, Kiswahili kimeipa sifa na tetesi mzizi mmoja. Aliyevuma akiwa hai atavumiwa akiwa kaburini. Angalia Franco Luambo wa Zaire, aliyefia Ubelgiji Oktoba 1989. Yeye hakufia katika nchi iliyofungiana mpaka na kwao, na serikali yake ilitangaza maombolezo ya kitaifa. Uvumi ulimfuata vilevile, safari hii ukiwa juu ya maradhi yake. Matangazo rasmi peke yake, basi, hayauzimi.

Wapo watakaoniambia: Profesa, wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii inapendwa sana na wapigaji simu. Nakubali kwamba lisemwalo lipo, ila tuulize lipo wapi. Aghalabu lipo kwa msemaji. Uvumi kwamba Mbaraka aliuawa ni ushahidi mzuri, lakini ni ushahidi kuhusu sisi: kuhusu nchi iliyodanganywa hadi ikakosa kuamini hata msiba wa kweli, na kuhusu majonzi ya watu waliofiwa na mtu wa miaka 34 aliyekuwa bado anapanda. Ni vigumu kukubali kwamba kipaji kama kile kilizimwa na kitu kidogo kama usukani. Tunamtafuta muuaji mkubwa anayelingana na hasara.

Hasara ya kumtafuta muuaji huyo ni hii. Tunapozungumza juu ya wachawi na mahasidi, tunaiacha barabara huru. Hatuulizi magari ya bendi yalikuwa katika hali gani. Hatuulizi majeruhi wa barabarani alisaidiwa vipi mwaka 1979, na anasaidiwa vipi leo. Hatuulizi kwa nini mwanamuziki ambaye sahani zake zilizunguka Afrika Mashariki yote alilazimika kuendelea kuzunguka mji hadi mji ili apate riziki. Maswali hayo yana majibu, na majibu yake yangewafaa wanamuziki walio hai, wanaosafiri usiku wa leo kutoka Malindi kwenda Voi.

Hasara ya pili ni kwamba kifo kimeumeza uhai. Vijana wanajua eti alirogwa, lakini hawajui kwamba kwa wengi wetu wa bara Mbaraka alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Aliimba kama mtu anayezungumza na jirani yake, kwa sentensi fupi na mkazo uliokaa mahali pake. Darasani tulifundishwa ngeli. Kwake tulisikia namna Kiswahili kinavyolalamika na kinavyobembeleza.

Kwa hivyo nina ombi kwa watafiti vijana, hasa walio Mombasa. Wapo wazee walioishi mwezi ule wakiwa watu wazima: madereva, wauguzi, wahudumu wa kumbi za dansi, polisi wastaafu. Sasa wamekaribia au wamepita miaka 70. Wafuateni mkiwa na kinasa sauti na subira. Kisha nendeni kwenye magazeti ya Januari 1979 yaliyohifadhiwa katika nyaraka za taifa, na muombe kumbukumbu za polisi na za mahakama kama bado hazijaliwa na mchwa. Mtakapoandika, tengeni safu tatu. Ya kwanza ni ya anayesema "nilikuwapo". Ya pili ni ya anayesema "niliambiwa na fulani". Ya tatu, na iwe kubwa mtakavyo, ni ya "inasemekana". Msizichanganye.

Huenda safu ya kwanza ikawa na kurasa mbili tu. Kurasa hizo mbili zitatosha kuanzia, na kila mwaka tunaochelewa unazipunguza.